Ngoma ya Kilio

Tulikuwa wanne katika duka la fundi wa redio hapa Likasi: fundi mwenyewe; mama mmoja, mke wa mfanyakazi wa mgodi; mzee muuza asali wa Batwa, watu ambao wengine huwaita Pigme; na mimi. Mchana ulikuwa mzito, na sauti ya redio kubwa, ile ya taifa, ilielea chumbani kama moshi wa ubani.

"Citoyens, wananchi," alisema mtangazaji, "Pigme ni watu wa furaha, hucheza tangu asubuhi." Ngoma ikalia. Mama akatikisa mabega.

Mzee akaweka chupa ya asali chini, polepole.

"Mama, usicheze. Ile ni ngoma ya kilio. Watu wa redio walifika na mashini ya kunasa sauti siku tulizika ndugu yangu mukubwa."

Mama akajifunika mdomo. "Pole, papa. Miye sikujua."

"Hata wao hawakujua. Hakuna muntu aliuliza."

Fundi akavuta kinasa sauti chake. "Sema basi, papa. Leo mutangazaji ni weye."

Mzee akavua kofia. Akataja jina la nduguye, la baba yao, la kijito walikozaliwa. Kisha akasema, "Sasa mulie."

Tangu hapo, kila Jumamosi fundi alichezesha utepe wa maneno hayo kwa kipaza sauti cha mlangoni, na Batwa waliokuja sokoni walisimama wakisikiliza kama waotao. Redio kubwa ina milingoti mirefu. Jina hata moja haikulitaja.

Jumamosi iliyopita utepe ulikuwa mpya, na sauti ilikuwa ya binti wa mzee, akitaja jina la baba yake. Muuza asali amekufa.