Mayai Niliyoyafukia Nyuma ya Bafu

Siku moja hainitoki kichwani, mwanangu, hata sasa nikiwa na wajukuu: siku niliyoambiwa nishike jembe nifukue mayai mchana kweupe, jirani kasimama ananitazama, na aliyeniamrisha ni mke mwenzangu. Usicheke kwanza. Ngoja nikueleze tangu mwanzo, maana ukiisikia nusu utadhani nilikuwa mchawi, na hivyo ndivyo baadhi ya watu walivyodhani.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeolewa mke wa pili huku Mtoni Kijichi, ndoa ina miezi minne tu. Mume wetu alikuwa dereva wa malori yanayokwenda Tunduma, akiondoka hatumwoni mwezi na zaidi. Nyumbani tunabaki wawili, mimi na Bi Mwanaidi, mke mkubwa, ambaye kwa umri angeweza kunizaa kama angeanza mapema. Nilimwita dada. Hakunifanyia ubaya hata siku moja, ila alikuwa hajanizoea, nami nilimwogopa kuliko nilivyowahi kumwogopa mama yangu. Majirani nao walikuwa wanasubiri tugombane. Kila nikienda kununua nyanya naulizwa, "Vipi huko, mnapatana?" na muulizaji anasikitika kabisa nikimjibu kwamba tunapatana.

Basi mama yake Bi Mwanaidi akaugua huko Kilwa, na yeye akaitwa kwenda kumuuguza. Asubuhi ya safari, mabegi yameshatoka nje, alinishika mkono akanipeleka kwenye banda la kuku. Walikuwa kumi na mmoja, matetea wazuri wenye afya, na mtaa mzima ulijua mayai ya Bi Mwanaidi. Mwanamke akijifungua alipelekewa mayai yale, na mgonjwa akipata nafuu alipelekewa pia.

"Zuhura," akaniambia, "nyumba hii ni ya mume wetu, na vyombo ni vya mume wetu. Hawa ndio wangu mwenyewe. Wape pumba asubuhi, maji safi, jioni wafungie. Ukinitunzia hawa, mie na wewe tutaishi."

Maneno hayo nilikwenda nayo kitandani na kuamka nayo. Unaona ukubwa wake? Sikuachiwa kuku tu. Nilikuwa nimeambiwa kwamba nikifaulu hapa nimekuwa mtu wa nyumba ile, na nikishindwa nitabaki mgeni humo hadi kufa.

Sasa mimi nilikulia Sinza, nyumba ya kupanga, kwetu yai linatoka dukani kwenye trei. Ya kuku sikuyajua. Nilichokijua ni usafi, kwa sababu mama yangu alitulea kwa ufagio. Nikasema Bi Mwanaidi akirudi atakuta uwanja unang'aa mpaka ashangae. Siku ya pili tu nikaanza kazi. Kando ya banda kulikuwa na lundo la makombe ya baharini yaliyopondwapondwa, yamechanganyika na maganda ya mayai makavu, na kuku walikuwa wanalichakura kutwa nzima na kulitawanya. Nikaona uchafu ulioje huu, mwanamke mtu mzima anafuga takataka uani. Nikazoa ndoo tatu, nikaenda kuzimwaga jalalani mwisho wa mtaa. Nikarudi nikamwagia uwanja maji, nikafagia tena kwa mistari. Nilijisifu sana siku ile.

Siku kumi hivi zikapita. Asubuhi moja naingiza mkono kwenye kiota, nashika kitu laini chenye uvuguvugu. Nikakitoa. Lilikuwa yai, umbo lake lote la yai, lakini halina ganda. Ni utando tu, na ute unachezacheza ndani. Nilipolibonyeza kidogo likanywea mkononi. Kesho yake nikakuta mawili. Kesho kutwa manne, na moja lilikuwa limeshapasuka, kuku wenyewe wanaligombania.

Jambo la kufanya lilikuwa rahisi, mwanangu. Simu zilikuwepo, na Bi Mwanaidi alikuwa anapiga kila Ijumaa. Ningemwambia, "Dada, kuku wanataga mayai hayana ganda," angenijibu kwa sentensi moja na habari ingekwisha. Lakini mimi niliwaza kwa kichwa cha mwenye hofu. Mke mdogo kaachiwa kuku wa mke mkubwa, na kuku waliokuwa wanataga vizuri miaka yote wameanza kutaga ngozi. Ingekuwa mimi nimeletewa habari hiyo, ningesema kijicho. Kwa hiyo Ijumaa alipopiga na kuuliza, "Kuku hawajambo?" nikajibu, "Hawajambo, dada." Akauliza, "Wanataga?" Nikasema, "Wanataga." Nikajifariji kwamba sijasema uongo, kwani kutaga si wanataga. Utajua umeingia pabaya siku utakapoanza kujipa moyo namna hiyo.

Yakabaki mayai yenyewe. Jalalani niliogopa watu watayaona waanze kuuliza. Kuyala sikuthubutu. Nikachukua jembe, na mchana baada ya sala ya adhuhuri, watu wamejilaza kwa joto, nikachimba nyuma ya bafu letu la mabati nikayafukia. Kesho yake tena. Nilifanya hivyo karibu wiki mbili, kila siku natazama kushoto na kulia kabla ya kuinama.

Wewe ni mtoto wa pwani, sihitaji kukueleza yai lililofukiwa uani kwa mtu linasomwaje. Mimi mwenyewe nililijua hilo tangu utotoni, na nakuapia halikunipitia akilini hata mara moja. Nilikuwa nimeshughulika kuficha aibu ndogo, sikuona kubwa ninayoichimba. Lakini jirani yetu wa nyuma, Mama Hadija, dirisha la jiko lake lilikuwa linatazama bafu letu, na yeye aliona. Aliacha tu kuitikia salamu zangu, na watoto wake wakakatazwa kuja kwetu kuchota maji. Nikadhani ana hasira zake za nyumbani.

Bi Mwanaidi alirudi siku ya Jumamosi, mama yake amepona. Nilisikia bajaji imesimama nje, nikajifunga kanga vizuri nikatoka kumpokea. Nikamkuta amesimama karibu na mabegi yake na Mama Hadija anamnong'oneza, mkono kaweka mdomoni. Nilipotoa shikamoo Bi Mwanaidi aliitikia, lakini mlangoni hakuingia. Alikaa barazani na vumbi lake la safari.

"Zuhura, umefukia nini nyuma ya bafu?"

Hapo ndipo nilipojiona kwa macho ya dirisha lile la jiko. Nikaona ndoa yangu imekwisha, nikaona baba yangu anakuja kutoka Sinza kunichukua, nikaona nitakavyosimuliwa Temeke nzima.

"Mayai, dada."

"Si nimekwambia," akasema Mama Hadija.

"Nenda kalete jembe," Bi Mwanaidi akaniambia. "Ufukue mwenyewe."

Nikafukua. Nalia na huku nachimba. Harufu iliyotoka sitaki kukusimulia, huenda hujala. Bi Mwanaidi akachuchumaa, akaokota kijiti, akavuta kitu kimoja kutoka kwenye udongo. Ni ngozi imenywea, haina hata chembe ya ganda. Akaivuta ya pili. Akazitazama, kisha akainua kichwa akatazama upande wa banda, akaangalia uwanja wangu uliofagiwa kwa mistari.

"Makombe yangu yaliyokuwa pale pembeni yako wapi?"

"Nilizoa, dada. Nikamwaga jalalani. Nilidhani uchafu."

Bi Mwanaidi akakaa chini kwenye udongo ule ule, na nguo zake za safari, akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, nami yangu bado yananitiririka kwa sababu nyingine. Akamgeukia jirani.

"Mama Hadija, hapa hakuna uchawi. Kuku wamekosa chokaa. Pumba tupu haitengenezi ganda, ndiyo maana mie nawawekea makombe wadonoe. Huyu mtoto wa Sinza kanifagilia maganda ya mayai kabla hayajatagwa."

Mama Hadija akasema ameacha sufuria jikoni, akaondoka. Sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa na mtu.

Lakini kulikuwa na tetea mmoja, mweusi, amejikunyata pembeni ya banda tangu jana yake, manyoya yamesimama, anajikamua bila kutoa kitu. Yai laini lilikuwa limemkwama. Bi Mwanaidi hakupumzika wala kunywa chai. Tuliweka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akamkalisha kuku humo na kumshikilia taratibu, akaniambia nimpake mafuta ya nazi nyuma. Tulikaa hivyo zaidi ya nusu saa, mimi na yeye tumeinamia beseni moja, mpaka lile yai likatoka. Kuku akajikung'uta akaturushia maji usoni. Na ni hapo, uso wake umelowa, Bi Mwanaidi aliponikaripia, kwa sauti ya chini.

"Zuhura, kufagia hukukosea. Hukujua, na asiyejua anafundishwa. Lakini sikiliza. Ningekuta mayai haya kwenye sahani, ningekuuliza umewalisha nini kuku wangu. Nimeyakuta ardhini, ikabidi nijiulize wewe ni nani. Njia nzima kutoka mlangoni hadi bafuni nilikuwa najiuliza hivyo. Usinipitishe tena kwenye njia ile."

Nikamwambia sitarudia, dada. Akanipa kanga yake nijifute.

Kesho yake alfajiri tulibeba ndoo tukaenda ufukweni kuokota makombe. Njia ya mkato ilikuwepo, lakini Bi Mwanaidi alichagua ya kuzunguka, ile inayopita mbele ya nyumba ya Mama Hadija na kwa wauza nyanya wote. Alitembea polepole, mkono wake begani kwangu, anamsalimia kila mtu, na ndoo yangu akaibeba yeye. Wakati ule nilidhani anazeeka, amesahau njia. Nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa ananirudisha mtaani. Jioni ile ile watoto wa Mama Hadija walikuja kuchota maji, na mama yao akaniitikia salamu. Baada ya wiki moja hivi mayai yakaanza kuwa na ganda, jembamba kwanza, kisha gumu kama zamani. Mume wetu aliporudi tulimweleza yote, akacheka kuliko tulivyopenda.

Basi kama unafuga, nikupe na hili la kazi. Ukikuta yai laini mara moja, usihangaike. Kuku anayeanza kutaga huwa hivyo, na aliyezeeka, na aliyeshtushwa na mbwa, na joto letu hili nalo lina lake. Likiwa la kila siku, tazama chakula. Kausha maganda ya mayai juani, yatwange, au tafuta makombe au chokaa ya kuku dukani, wawekee pembeni wadonoe wenyewe kwa kadiri wanavyotaka. Na usifagie kitu cha mtu kabla hujamuuliza ni cha nini.

Ila hilo la kuku ni dogo. Kubwa, mwanangu, ni kwamba utaharibu kitu ulichoaminiwa. Utaharibu tu, sote tumeharibu. Nyinyi wa siku hizi hamfukii nyuma ya bafu, mnafuta kwenye simu, lakini ni jembe lile lile. Siku hiyo usingoje mpaka uwe na maelezo mazuri. Nenda na kitu chako kibovu mkononi, sema, "Nimekuta hivi, sijui kwa nini." Anayekupenda ataihimili habari mbaya ikitoka kinywani mwako. Akiisikia kwa jirani, atalazimika kuanza kukufahamu upya. Mimi nilibahatika, niliyeishi naye aliuliza makombe yako wapi kabla ya kuuliza nitaondoka lini. Wengi hawaulizwi.

Na ukiwa wewe ndiye unayerudi safari na kunong'onezwa mlangoni, chuchumaa kwanza utazame ni kitu gani.

Mwenyezi Mungu akupe mtu unayeweza kumpelekea jambo lingali changa, na akupe ulimi wa kulisema. Akufanye na wewe mtu ambaye wadogo zako hawaogopi kumjia. Na ukikosea, kwa rehema zake, akushike mtu mkono akutembeze polepole, kwa njia ndefu, watu wote wakuone.