Kamera imeniita gunia ya makala

Leo mi njo profesa: nimefundisha ordinatere, kompyuta ile, kujua bantu!

Bon, nimedanganya. Nilikuwa naikala tu mbele ya kamera.

Mujukuu wangu Béa njo anaifundisha, isimamishe kamyo, lori ile, kama inaona muntu nyuma.

Mu nyumba, ikasema: «Muntu.»

Tukatoka inje. Upepo ikaleta mavumbi, nikachuchumaa, nikafunika kichwa na koti.

Ikasema: «Gunia ya makala», ile ya kupikia.

Mi nikacheka mpaka machozi! Béa hakucheka, akaniambia mi babu yake:

«Kambo, kamyo ingekupita juu.»

Ayayaye!

Anasema mashini haiyaona bazee ba kutosha mu mavumbi.

Papa Kalenga, we muzee kama mi, nilikubebea mulango mpaka kule Katuba, unakumbuka? Kesho asubuhi kuya uchuchumae na mimi mu mavumbi, mbele ya kamera. Kuoga, utaoga kisha.