Kilo Mbili Zilizomfukuza Molly

Niliwahi kuvunja nyumba ya rafiki yangu kwa kilo mbili.

Sikumtongoza mke wake. Sikupeleka umbea kwa mtu. Nilisoma mizani tu, kazi niliyokuwa nalipwa kufanya, na nikaisoma vile nilivyozoea.

Usinihukumu bado. Soma mpaka mwisho, halafu unihukumu, nitakuwa nimestahili.

Naitwa Kipngetich. Mwaka wa 1996 nilikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, upande wa Roret. Mkulima analeta majani mabichi, anatundika gunia kwenye ndoano ya mizani, mimi nasoma mshale, natoa kilo mbili, naandika.

Hizo kilo mbili zilikuwa za gunia na umande. Mvua inyeshe, jua liwake, ni mbili.

"Hizo kilo mpili zinaendanga wapi, karani?" bibi mmoja alikuwa akiniuliza kila siku. "Leo majani ni kavu kama ugoro."

Nilimjibu kwamba ndiyo sheria. Kusema kweli nilikuwa nimezoea mpaka sikufikiria tena. Jicho linaona thelathini, mdomo unasema ishirini na nane.

Sasa Calvince.

Calvince alikuwa mtu wa boiler kwenye kiwanda cha chai kilichokuwa chini ya barabara. Alikuja kutoka Nyakach, kule Nyanza, kutafuta kazi, akabaki akitupa kuni motoni miaka sita.

Lakini jamaa alikuwa na kazi ya pili. Alikuwa anapigana kwa pesa, ule mchezo wa ngumi na mateke, Kisumu, Nakuru, popote promota alipomwita. Mapambano saba, ameshinda sita. Hilo moja alilopoteza, waamuzi walikuwa wa kwao yule mwingine.

Mimi ndiye niliyekuwa nambebea ndoo na taulo. Nilijiita kocha msaidizi, ingawa sijawahi kurusha ngumi maishani.

Mwezi wa nane promota akatuma habari. Kuna pambano Nairobi, uzito usizidi kilo sitini na saba. Atakayeshinda anapelekwa Afrika Kusini kwa kandarasi ya miaka miwili.

"Nikishinda hii, boiler naiaga," Calvince aliniambia. "Moshi imemaliza kifua yangu, karani. Nataka mtoto yangu anijue kama mtu ya maana, si mtu ya kuni."

Shida ilikuwa moja. Alikuwa na kilo sabini na nne.

Mkewe, Molly, akaichukua hiyo vita kama yake. Aliuficha unga kwa jirani. Mboga za kuchemsha, yai moja, chai bila sukari. Yeye na mtoto walikuwa wakila huko huko kwa jirani ili mume asisikie hata harufu. Mwanaume wa Nyanza bila ugali wiki tatu, jaribu wewe uone.

Na kupima je? Mizani ya kiwanda ilikuwa ya kupima lori. Ya zahanati ilikuwa imekwama miezi. Ikabaki yangu.

Kila jioni lori la majani likishaondoka, Calvince anakuja, anavua viatu, anafunga kamba kwenye ndoano, anakalia ile kamba na kuinua miguu. Mwanaume mzima ananing'inia kama gunia. Anazunguka polepole, mshale hauoni. Mimi namsomea.

Wewe umeshajua ninakoelekea. Mimi sikujua.

Alhamisi, siku mbili kabla ya pambano, alining'inia mara ya mwisho.

"Sitini na saba," nikasema.

Calvince akashuka, akakaa chini kwenye nyasi, akafunika uso kwa mikono. Alikuwa analia. Molly alikuwa amekuja naye siku hiyo, mtoto mgongoni.

"Shemeji, ni ukweli imefika?" akaniuliza.

"Imefika."

"Sasa naweza mpea ugali kidogo leo? Huyu mtu anatafuna hata akilala."

"Mpe, shemeji. Kidogo haina shida."

Hayo yalitoka kwenye mdomo wangu huu. Yakumbuke.

Ijumaa tukasafiri, na Calvince hakutia kitu tumboni ila maji ya kulowesha midomo. Jumamosi asubuhi akapanda mizani ya Nairobi akiwa na kaptula tu.

Sitini na tisa.

"Hii mizani yenu ni mbaya," akasema.

Wakaleta nyingine. Sitini na tisa.

Hapo ndipo nilipopiga hesabu. Kilo mbili kamili. Wiki tatu nzima nilikuwa namtolea mtu gunia na umande. Hana gunia. Hana umande.

Ningesema pale pale. Promota alikuwa hapo, angeweza hata kuomba pambano lisogezwe. Lakini mdomo uliosema bila kufikiria wiki tatu sasa ukakataa kufunguka.

Wakampa muda wa saa tatu azipunguze. Tukamfunga karatasi za nailoni, akavaa masweta mawili juu, akakimbia kwenye ngazi za ule ukumbi, akitema mate kwenye kopo. Mimi nilikuwa namwambia, "Jikaze, jikaze," na kila nikimwambia hivyo nilikuwa najichukia.

Saa saba akafika sitini na saba. Midomo ilikuwa imepasuka na macho yameingia ndani.

Saa kumi na moja akaingia ulingoni na jamaa wa Thika. Raundi ya kwanza Calvince alimpiga teke la ubavu mpaka watu wakasimama. Nikaanza kuomba Mungu. Nilimwahidi mambo mengi.

Raundi ya pili miguu ilikataa. Alikuwa anaona ngumi ikija na hawezi kuondoka njiani. Ngumi ya tatu ilimpata kwenye taya, akaenda chini, refa akahesabu mpaka kumi.

Njiani kurudi alizungumza mara moja tu.

"Ni ile ugali," akasema.

Nikageuza uso dirishani.

Nyumbani Molly alikuwa ameshachemsha maji ya kumkanda. Calvince hata hakukaa.

"Umeniuza na sahani ya ugali," akamwambia. "Wiki tatu nafunga, na wewe siku moja unaharibu yote. Chukua vitu zako uende kwenu."

Molly hakubishana naye. Alinigeukia mimi.

"Shemeji, si wewe ulisema nimpe? Mwambie."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na ile ndoo.

"Nilisema kidogo," nikamjibu.

Ndugu msomaji, hayo maneno mawili yamenisumbua kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Molly akaanza kukunja nguo za mtoto. Asubuhi yake akaenda kwao Nyakach.

Habari ikasambaa kabla ya wiki kwisha. Kiwandani, sokoni, hata kanisani. Molly ndiye mwanamke aliyemlisha mumewe mpaka akakosa Afrika Kusini. Watu walicheka. Mimi pia nilikuwepo wakicheka.

Calvince alipigana mara mbili tena, akapigwa zote mbili. Promota akaacha kumwita. Akabaki na boiler na pombe ya busaa. Mimi nikawa naogopa mizani, nasoma mshale mara tatu kabla ya kuandika. Wakulima wakasema karani ameokoka.

Mwaka wa 1999 nikakutana na Ayoo sokoni Litein, anauza dagaa wa omena. Ayoo ni dada yake Molly.

"Molly alishaolewa Katito," akaniambia. "Alingoja huyo mtu yenu miaka mbili, hata barua hakuna. Atangoja mpaka lini?"

Nilitoka pale nikatembea bila kusimama mpaka kiwandani. Nikamkuta Calvince kwenye uwanja wa kuni, anapasua. Nikamwambia yote, kamba, mshale, gunia, umande. Nilikuwa tayari kwa ngumi. Nilikuwa naitaka, kwa kweli.

Aliendelea kupasua kuni.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Molly akienda, siku ya tatu nilipita kwa kinu ya mahindi, nikapanda mizani yao. Halafu nikakuja kituo, nikapanda yako, na ukanisomea kilo mbili chini. Ulifikiria nilikuwa nataka kupima nini, karani, na pambano imeisha?"

Nilikumbuka. Siku ile aibu ilinifanya nimsomee kwa mazoea yale yale, bila hata kumtazama usoni.

"Sasa mbona hukusema? Mbona hukunigonga?"

Akaweka shoka chini.

"Nikikugonga, watu watauliza ni ya nini. Halafu ninaenda kwa wakwe, napiga magoti mbele ya mama mkwe, nasema nilifukuza mtoto yake bure. Nikasema wacha wewe ndio useme kwanza. Ukisema, mimi naenda." Akasogeza kuni kwa mguu. "Nilingoja. Kila siku ulikuwa unanisalimia, husemi."

Kwa hiyo ndivyo tulivyokaa miaka mitatu, wanaume wawili tunakunywa chai pamoja, kila mmoja anajua, mmoja anaona haya na mwingine ana kiburi. Na mwanamke amebeba lawama.

Wiki iliyofuata nikaenda Katito peke yangu. Calvince alikataa, akasema atamwangalia na macho gani.

Molly alinipa kiti na maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akichambua mboga. Hakulia, hakunitukana. Ningependa angenitukana.

"Mimi nilijua sikuharibu," akasema. "Nilipima huo ugali na mkono yangu. Lakini mama yangu hakuamini. Aliniambia, mwanamke mzima unashindwa kungojea siku mbili. Kila mgeni akikuja alikuwa anamwambia hivyo, na mimi niko hapo naleta maji."

"Nipeleke kwa mama," nikasema. "Nimwambie mwenyewe. Hata leo."

Akaacha mboga.

"Shemeji, mama tulimzika mwezi wa nne."

Nilikaa kwenye kile kiti mpaka nikaona aibu kukikalia, nikaaga.

Kusoma mizani vibaya ilikuwa bahati mbaya, hilo hata Mungu anajua. Kunyamaza nilichagua mwenyewe, kila asubuhi, miaka mitatu. Kama kuna mtu amebebeshwa kosa lako, usingoje upate ujasiri. Nenda leo ukamtue, wakati wale ambao anataka wasikie bado wana masikio.