Katapila Lililotangazwa Mnadani

Nilikuwa kwa mtendaji wa kata, huku Kahama, nikisubiri barua ya utambulisho, alipoingia bibi mmoja na mnunuzi wa vyuma chakavu. Mkandarasi aliyechonga barabara ya mgodini alimwachia bibi huyo katapila bovu katikati ya jaruba lake la mpunga, na miaka yote analima kwa kulizunguka. Sasa alitaka kibali aliuze likakatwe.

"Mayu, kisheria lazima kwanza litangazwe, mwenyewe ajitokeze," mtendaji alimwambia kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimeshatangaza. Minada mitatu, pale wanapotangaza ng'ombe waliopotea."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Ulisemaje?"

Bibi akasimama, akainua mkono kama dalali. "La njano. Jicho la kushoto limepasuka. Limekutwa kwangu, halina mchungaji."

Mnunuzi alicheka mpaka akashika ukuta. Mtendaji hakucheka. Aliandika tangazo kwa maneno hayohayo, akaligonga mhuri, akalibandika mlangoni.

"Tusubiri siku zitimie. Na mwenyewe akija?"

"Nitamkabidhi," bibi alijibu, akikaza khanga yake kiunoni. "Ila aliswage mwenyewe mpaka kwake."

Ningekuwa mkandarasi yule, nisingethubutu kujitokeza.