Alitupikia, Yeye Akishinda Njaa

Simu iliyonifikia Jumanne ilitoka Tawa: yule mama mwenye hoteli mkabala na kanisa, aliyenilisha miaka yote niliyofundisha hapo, ametutoka. Ni nimonia, waliniambia, na sina sababu ya kubisha. Simzulii mtu kesi. Lakini mwaka wake wa mwisho nilimwona, na nilichokiona kimenikaa kooni hadi leo.

Tangu azikwe mumewe, huzuni ilimshika ikakataa kumwachia. Akina mama wa kanisa walimpenda kwelikweli: walimfulia nguo, walimfungulia hoteli siku alizoshindwa kuamka. Kisha wakamwekea mfungo ili roho ya huzuni imtoke. Mfungo ukaisha, huzuni ikabaki, wakaongeza mwingine. Ndivyo alivyojikuta akikoroga sufuria ya muthokoi tangu asubuhi, mahindi na maharagwe yakichemka hadi kulainika, akiwapakulia watu huku yeye akishinda na chai ya rangi.

Nilipopita kumsalimu, alinijazia sahani kama zamani, halafu akasimama akiitazama. Alikuwa amekonda, na mama huyu aliyezoea kututania wateja wote bila kumbakisha mtu sasa maneno yalimpotea njiani. Nikamsogezea kijiko.

“Mwalimu, wacha tu,” akasema. “Nikikula watasema ndiyo maana siponi. Nisipokula, kichwa inakuwa nzito, nalia bila hata kujua nalilia nini. Daktari alinipatia dawa, akaniambia nisikae njaa, ati ubongo pia inakula. Sasa hiyo maneno nitaambia nani hapa?”

Alichota kijiko kimoja. Nje pakasikika viatu vya mtu. Akameza bila kutafuna, akajipangusa mdomo kwa aproni, akageukia sufuria kama mwizi. Mtu mzima, ndani ya hoteli yake, kwa chakula alichopika mwenyewe! Nilikasirika, na hasira hiyo ninayo bado.

Sipigi vita mfungo. Mimi pia hufunga, ingawa wanaolijua tumbo langu watacheka. Wala sisemi sahani ya muthokoi inaweza kumrudisha mume, au kuchukua nafasi ya dawa. Lakini sisi wa Ukambani, ambao ukame umetuonyesha njaa ya kila aina, tunajua vizuri kwamba mtoto mwenye njaa hununa na kulia ovyo. Huyo hatumkemei pepo, tunampa uji. Akilia mtu mzima tunasahau. Tunadhani njaa huishia tumboni, na kichwa kilichokwisha kuchoka tunakiongezea mzigo.

Siku ya mazishi nilikaa pembeni, hamu ya chakula sina. Mmoja wa akina mama walewale, macho mekundu kwa kulia, akaniletea sahani ya wali na nyama ya mbuzi.

“Kula, Mwalimu,” akanibembeleza. “Ukikaa na njaa, hii uchungu itakumaliza.”

Alisema kwa upendo, na alisema kweli. Kumbe tulijua sote. Maneno hayo ndiyo marehemu aliyoyasubiri mwaka mzima kutoka kinywa kilekile, nasi tukamnyima, tukaja kuyagawa kwenye matanga yake. Kama una jirani mwenye huzuni, mpelekee chakula leo, ukae naye mpaka amalize.