Baba Malar Akisema Asante, Watu Hunyanyuka

Mume wangu, Baba Malar, hutengeneza kashata za karanga, na hapa Kovilpatti, kusini mwa India, hilo si jambo la kujisifia, maana ukirusha jiwe mjini kwetu litamwangukia mtu anayekoroga sukari guru. Kinachomtofautisha na wenzake ni maradhi yake ya vitabu. Wanaume wengine wana pombe, wengine karata. Huyu wangu ana Chama cha Fasihi, ambacho hukutana Jumapili moja ya kila mwezi katika ukumbi wa harusi nyuma ya stesheni, mradi siku hiyo pasiwe na harusi.

Cheo chake chamani ni mtoa shukrani. Asiyeijua mikutano yetu atadhani ni cheo kikubwa. Mkutano wa kitabu kwetu huwa na wasemaji karibu sawa na wasikilizaji. Yuko wa kukaribisha, yuko wa kuongoza, wako wa kusifu, yuko wa kuponda, yuko mgeni rasmi, kisha mwandishi mwenyewe anawajibu wote. Kila mmoja huanza kwa kuwataja waliokaa jukwaani pamoja na vyeo vyao, asisahau hata mmoja, la sivyo patakuwa na uhasama mpaka mwakani. Mwisho kabisa huitwa mtoa shukrani. Akifungua kinywa tu, ukumbi mzima unanyanyuka. Si kwamba wanamchukia. Ni mazoea: shukrani zikianza, mambo yamekwisha, kachori na kahawa ziko mlangoni, na basi la vijijini linapiga honi. Baba Malar amewashukuru watu wa mji huu miaka na miaka, na alichokishukuru hasa ni migongo yao.

Mimi humfuata kila mkutano. Siendi kwa ajili ya fasihi, naenda kuhakikisha sinia letu la kashata linarudi nyumbani. Nilikuwa nikimtania njiani, "Wewe ni bawabu tu. Kazi yako kufunga mlango."

"Mlango nao lazima ufungwe, Mama Malar," hunijibu, wala hakasiriki. Ndiyo tabu ya kuolewa na mtu mpole, hata ugomvi unaufanya peke yako.

Sasa, kuna mwandishi wa kijiji cha jirani anaitwa Sudalaimani, aliyeandika riwaya juu ya wagema, wale wanaopanda mivumo, ile miti mirefu jamii ya mnazi, kugema utomvu mtamu. Ilipotoka kwa lugha yetu ya Kitamil, chama kiliipa alasiri moja. Msemaji mmoja alisema ni ndefu, mwingine akasema ingefaa iwe ndefu zaidi, watu wakala wakaondoka. Baba Malar ndiye aliyeisoma mpaka jalada likatoka. Baba yake alikuwa mgema, akaanguka mtini akafa wakati huyu wangu ni mtoto. Hilo mimi nililisikia kwa mama mkwe. Yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka kwa mtu yeyote, hata kwangu.

Baadaye mwalimu mmoja wa chuo kutoka Thoothukudi, binti anaitwa Jesintha, akaifasiri riwaya ile kwa Kiingereza. Ikapata tuzo huko Delhi. Ghafla mji mzima ukawa unakijua kitabu tangu zamani. Kinyozi alikijua, mpiga pasi alikijua, diwani alidai alikisoma kingali tumboni mwa mwandishi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: Sudalaimani akaanza kuvaa miwani ya jua ndani ya nyumba.

Lakini mwetu kitabu kiliingia kwa mlango mwingine. Binti yetu Malar ameolewa Pune, mbali huko kaskazini, na mwanawe Yazhini amekulia huko. Kihindi anacho, Kimarathi anacho, Kiingereza ndiyo usiseme. Kitamil chake ni cha jikoni, na herufi zetu hazijui hata moja. Kila Jumapili hupiga simu.

"Babu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umekula?"

"Nimekula."

Basi. Baada ya hapo ni kimya, kila mmoja anasikiliza mwenzake akipumua, kisha simu inaletwa kwangu nami namuuliza kama amekula. Wanapendana sana wale wawili. Hawakuwa na cha kuzungumza tu.

Jumapili moja simu ikalia babu yake akiwa kwenye kikaango, sukari guru ndiyo inaanza kutoa povu. Nikamwekea sauti ya juu. Wakaulizana kama wamekula, wamekula. Kisha mtoto akasema, "Babu, mgema anafungaje miguu akipanda mvumo?"

Mwiko ukasimama. "Nani kakwambia habari za wagema?"

"Nimesoma kitabu. Kile cha Kiingereza kilichopata tuzo, cha huko kwenu. Halafu mama kaniambia baba yako alikuwa mgema. Kweli?"

Akauacha mwiko ndani ya sukari, jambo ambalo mfanyakazi wetu yeyote angefukuzwa kwalo. Akaanza kusema. Alimweleza kamba ya miguuni, kibuyu cha kiunoni, kisu na jinsi kinavyonolewa. Mtoto alipokwama kwenye neno, alimweleza upya polepole. Akafika kwenye mvumo ule wa kando ya kisima, na asubuhi ile ya umande, na yeye mwenyewe amesimama chini na chungu kidogo akisubiri baba ashuke. Sukari iliungua mpaka majirani wakaja na ndoo za maji. Mimi nilikuwa nimesimama pale na simu mkononi, nayasikia maneno hayo kwa mara ya kwanza tangu anioe. Nililia sana, nikausingizia moshi.

Jioni, akikwangua kikaango, alisema, "Lazima nimshukuru yule binti aliyefasiri."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Nataka nimshukuru akiwa amekaa, ananisikia," akasema. "Nikifanya hivyo mara moja, yatosha."

Kumbe nafasi ilikuwa njiani. Chama kiliandaa mkutano mkubwa wa kuipongeza tafsiri. Likatundikwa bango refu kama nyumba: picha ya Sudalaimani na miwani yake, picha ya Profesa wa Chennai ambaye ndiye mgeni rasmi, picha ya diwani, na picha ya Mwalimu Arunagiri, katibu wetu, mwalimu mkuu mstaafu ambaye bado anaongea na watu wazima kana kwamba hawajafanya kazi ya nyumbani. Jesintha hayumo. Baba Malar akamfuata Mwalimu chini ya bango lenyewe, nami nyuma yake.

"Mwalimu, mfasiri mbona simwoni?"

"Kaka, hadithi ni ya nani? Ya Sudalaimani. Yule binti kaigeuza tu. Ukigeuza chapati ya dosa kikaangoni, dosa inakuwa yako?"

"Isipogeuzwa inaungua," nikasema mimi.

Mwalimu hakunitazama. "Atapata kiti jukwaani, pale mwisho. Na wewe kaka, dakika mbili, baada ya wote, kama kawaida."

"Baada ya wote atakuwa ameshapanda basi la Thoothukudi," mume wangu akasema.

"Basi mshukuru asipokuwepo. Utashindwa? Wewe ni mzoefu."

Siku zilizofuata alifanya mazoezi ya hotuba yake kwenye kikaango, nikaisikia mpaka karanga zikaijua. Ingeanza na simu ya Yazhini. Alikuwa na matumaini kwamba mara hii Profesa angesema kwa kifupi. Mwanamume mzima, ana mvi, bado anaamini Profesa atasema kwa kifupi.

Jumapili ikafika. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani, maana habari za tuzo na habari za kachori zilitangazwa pamoja. Jukwaani kulikuwa na sinia lenye shali za kuwatunuku wageni, moja kwa kila picha ya bangoni. Wote walikuwapo isipokuwa Profesa, ambaye treni yake ilikuwa imelala njiani. Mwalimu alikaribisha watu, akawakaribisha tena, akaeleza historia ya chama, na watu wakaanza kupiga miayo. Mwishowe akamnong'oneza mume wangu huku kipaza sauti kikiwa wazi, tukasikia sote, "Nenda wewe! Sema chochote! Washikilie watu mpaka aje!"

Nilimwona akipanda ngazi na shati nililompigia pasi mara mbili, nikamwomba mungu wetu anayelinda mpaka wa mji amsaidie. Ukumbi umejaa, watu wamekaa, na Jesintha yuko pale mwisho na mkoba mapajani, anamtazama. Baba Malar akashika kipaza sauti. Akafungua kinywa aanze na simu ya Yazhini. Ulimi, jamani, ulimi ni punda, hufuata njia aliyoizoea.

"Waheshimiwa," akasema, "sasa ni wajibu wangu kutoa shukrani..."

Ukumbi ukanyanyuka.

"Tayari? Profesa hakuja?"

"Afadhali! Sogea, sogea."

"Kachori ziko mlango gani?"

Diwani alikuwa wa kwanza kutoka. Mwalimu alipiga kelele, "Kaeni! Bado! Nasema kaeni!" lakini Mwalimu kupiga kelele nako ni mazoea, hakuna aliyemsikiliza. Mbaya zaidi, Jesintha, kwa kuwa mgeni, aliona wenyeji wanaondoka naye akafuata adabu. Akavaa mkoba begani akaanza kushuka. Mume wangu alibaki na kipaza sauti, na macho yake yakanitafuta mimi katikati ya migongo yote ile.

Nikapanda juu ya kiti.

"Isakkimuthu!"

Mwanamke wa rika langu hatamki jina la mumewe. Ukilitamka unakula miaka yake, ndivyo tulivyolelewa. Kabla Malar hajazaliwa nilimwita "sikia". Duka la mgawo wa mchele waliponiuliza jina la mkuu wa kaya, nilimwita jirani aje aliseme yeye. Na sasa nimelipigia ukelele, nimesimama kitini, mbele ya mji mzima.

Watu waliganda. Mzee mmoja kachori ilimbaki nusu mdomoni.

"Kamtaja mumewe!"

"Jina zima!"

"Ina maana kafa?"

"Hajafa, si yule pale!"

Wakarudi mmoja mmoja wakakaa, hata diwani, maana hotuba zote za fasihi hazifui dafu mbele ya mwanamke aliyepandwa na wazimu. "Haya," nikamwambia mume wangu, "sema. Na wewe binti, rudi ukae, wewe ndiye unayetafutwa."

Hotuba ya kwenye kikaango ilikuwa imemtoka yote. Alisema polepole, kama anavyosema na mtoto kwenye simu. "Binti, Kiingereza mimi sijui. Kitabu chako nimekishika tu, nikakinusa. Lakini nina mjukuu Pune, hawezi kusoma herufi zetu. Alikuwa anajua jambo moja tu juu yangu, kwamba nimekula. Sasa anajua baba yangu alikuwa nani na alianguka mti gani. Lugha ninayo tele mdomoni, na sikuweza kumwambia mtu. Wewe hunijui, ukamfanya aniulize. Asante."

Neno "asante" lilitoka, na hakuna aliyenyanyuka.

Kisha akachukua shali ya juu kabisa kwenye sinia, ile ya dhahabu ya Profesa. Mwanamume wa kwetu hamvishi shali mwanamke wa watu, kwa hiyo akaniita, "Mama Malar, njoo." Nikashuka kitini nikapanda jukwaani, nikamvika Jesintha. Hapo hapo Profesa akaingia mlangoni, akauona ukumbi umetulia, akadhani kimya ni chake, akaanza kutupungia mikono. Mwalimu alilitazama sinia kama mtu aliyeibiwa mfukoni.

Jesintha alinishika mikono, macho yamejaa. "Mama," akaninong'oneza, "tangu tuzo itoke watu wananipongeza kila mahali, na hakuna hata mmoja aliyeniambia amekisoma."

"Yuko mmoja, Pune," nikamwambia. "Hawa wengine wamefuata kachori. Kaa, mwanangu, nikuwekee zako kabla diwani hajazimaliza."