Kadi Iliyotoka Koboko

Mimi ndiye ninayetengeneza kadi za Krismasi katika duka letu hapa Arua, zile za mtindo wa zamani: mshumaa, utepe mwekundu, na pamba ya kuigiza theluji ambayo sijawahi kuiona. Wenzangu hutundika kadi walizotumiwa kwenye kamba ukutani. Mwaka huu tena, hakuna hata moja yenye jina langu.

Basi nikajitengenezea moja, nzuri kuliko zote. Nikaandika, "Kutoka kwa dada yako Rosi." Sina dada. Jumamosi nikapanda gari mpaka Koboko, nikaituma dukani kwetu kama kifurushi. Karani wa vifurushi alidai namba ya simu ya mtumaji. Simjui mtu Koboko, nikampa yangu.

Jumatatu dereva wa gari la vifurushi akaileta. Wenzangu wote wakaja kuitazama.

"Huyo dada iko anakupenda sana," akasema Mama Zainabu, bosi wetu.

Nikainamisha kichwa kama mtu aliyezoea kupendwa.

"Ngoja kwanza," akasema dereva. "Mimi napigia mwenye kutuma, ajue kadi imefika."

Simu ikalia ndani ya aproni yangu.